Nani Anamkimbiza?

Mashine ya santuri niliinunua Jumapili ya mwisho ya Oktoba 2011, kwenye soko la vitu vya zamani la agra, kusini mwa Leipzig. Muuzaji alikuwa dijei aliyestaafu akiwa na miaka thelathini hivi. Mkewe kajifungua mapacha, na spika hazina tena pa kukaa. Nilimpa euro 90, nikarudi nayo kwenye tramu nimeipakata kama mtoto.

Meza ya pili yake niliokota santuri mbili, euro mbili kila moja. Zote za Bach, mtunzi Mjerumani wa miaka mia tatu iliyopita. Moja ya Karl Richter na okestra yake ya Munich, iliyorekodiwa 1967. Nyingine ya Trevor Pinnock na English Concert, ya 1982. Kufika nyumbani ndiyo nikagundua kwamba zote mbili zina Koncheto ya Brandenburg namba 5. Nimenunua wimbo mmoja mara mbili! Nilijiona mjinga, lakini kwa kuwa fedha imeshatoka, nikaziweka zote mbili.

Hapa lazima niseme masikio yangu nimeyatoa wapi. Mjomba wangu alikuwa mpiga kanuni, ala ya taarab, huko Unguja. Kanuni ina nyuzi sabini na ushei, kila sauti nyuzi tatu, na kuityuni kunachukua muda wa kupika pilau. Kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni na kujibu: imepanda au imeshuka? Nikikosea, kofi la kisogo. Jioni tulisikiliza redio kaseti yake, na betri zilipochoka tulijua mara moja, maana Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928 kwa sauti yake ile kali, alianza kuimba kiume. Mjomba alizitoa betri akazianika juani juu ya bati. Kesho yake Siti alikuwa mwanamke tena.

Sasa nirudi Leipzig. Nikamweka Richter. Koncheto iko katika Re, yaani Re ndiyo noti yake ya nyumbani, nikaisikia Re, safi kabisa. Nikamweka Pinnock. Yote, kuanzia noti ya kwanza, ilikuwa imeteremka nusu toni. Fidla zimeteremka, filimbi imeteremka, hapsikodi, kile kinanda cha zamani cha nyuzi, imeteremka. Nikageuza nikamweka tena Richter: Re. Pinnock: chini. Mimi nikakata shauri papo hapo kwamba betri zimechoka. Mashine ilikuwa ya umeme, najua, lakini ndivyo nilivyofikiri. Na Novemba ya Ujerumani haina jua la kuanikia kitu chochote.

Ila mashine ya madijei ina dawa yake. Upande wa kulia kuna kitufe cha kuteleza. Ukikivuta kwako, sahani inaongeza mwendo hadi asilimia 8, na mwendo ukiongezeka sauti nayo inapanda. Nikakivuta taratibu, sikio langu likiwa pale pale alipoliweka mjomba, mpaka Pinnock akafika Re. Ilikuwa karibu asilimia 6. Nikaridhika. Tangu siku hiyo, kila zamu ya Pinnock kitufe nilikivuta, na zamu ya Richter nilikirudisha.

Wiki sita nikasikiliza hivyo, usiku nikitoka kazini, na kama kawaida ya mtu mwenye vitu viwili vinavyofanana, nikatoa hukumu. Richter ni jahazi kubwa lenye shehena, linaondoka gatini kwa heshima. Pinnock ni dereva wa daladala anayewahi abiria wa mwisho. Fidla zake nyembamba, filimbi inahema, na ile sehemu ya hapsikodi peke yake mwishoni mwa fungu la kwanza la koncheto ilinitia kizunguzungu. Nilimhurumia mpigaji. Wapigaji wenzangu wa huko Unguja nikawaandikia kwamba nimefanya ulinganisho wa kina, na Richter kashinda.

Mkesha mmoja wa Desemba jirani wa chini aligonga mlango. Kifurushi changu alikuwa amekipokea yeye. Mzee wa miaka themanini karibu, alikuwa fundi wa kutyuni piano kabla ya kustaafu. Nilimwita Herr na jina la ukoo, kama desturi yao inavyotaka. Moyoni nilimwita Mzee. Tulikuwa tunasalimiana ngazini tu, miaka miwili. Alisimama mlangoni, kifurushi mkononi, hakunipa. Alikuwa anasikiliza. Pinnock alikuwa ndani.

“Nani anamkimbiza?” akauliza.

Nikamweleza kwa fahari jinsi nilivyomponya. Mzee akaingia bila kukaribishwa, jambo ambalo Mjerumani wa umri wake halifanyi, akainama mpaka pua ikakaribia sahani. Pembeni mwa sahani kuna safu za vidoa vinavyomulikwa na taa ndogo nyekundu. Mwendo ukiwa sawasawa, vile vikubwa vinaonekana vimesimama tuli, ingawa sahani inazunguka. Vyangu vilikuwa vinateleza kama siafu. Akaniangalia, akasema anarudi.

Alirudi na vitu viwili vya chuma vyenye meno mawili, mithili ya uma usio na shughuli ya chakula. Kimoja akakigonga gotini, akakisimamisha juu ya mbao ya meza yangu. Meza yote ikaimba noti ya La. “440,” akasema, yaani mitetemo kwa sekunde. Akagonga cha pili. La nyingine, nusu toni chini, nene kidogo, kama mtu yuleyule kaamka sasa hivi. “415.”

Kisha akanieleza, nami nikisikia kisogo kinawasha. Hiyo 440 ni makubaliano ya mkutano uliofanyika London mwaka 1939. Zama za Bach kila mji ulikuwa na La yake. Wanaopiga kwa ala za zama hizo, au nakala zake, waliafikiana wao kwa wao kutumia 415, takriban nusu toni chini ya 440, ili wasigombane. Pinnock hakuteremka. Nyuzi zake ni za utumbo, filimbi yake ni ya mbao, na La yake ni hiyo. Mashine yangu ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza. Kwa kila dakika kumi za muziki nilikuwa nimewaibia watu wale zaidi ya nusu dakika, halafu nikawahukumu kwa haraka.

Nikakirudisha kitufe katikati. Vidoa vikasimama. Mzee akachagua kiti kizuri, akanibakizia kigoda, tukaanza upya.

Mwanzoni sikio liligoma. Kila noti lilitaka kuipandisha, kama mtu anayesahihisha lafudhi ya mwenzake kimoyomoyo. Lakini fidla zile nyembamba hazikuwa nyembamba tena. Zilikuwa na mkwaruzo mtamu wa upinde kwenye utumbo, na katikati yake kulikuwa na hewa, kiasi kwamba ungeweza kumsikia kila mpigaji na mlango aliotokea. Halafu ikafika ile sehemu. Filimbi na fidla zinanong’ona, zinapungua, zinanyamaza, na hapsikodi inabaki peke yake. Vipimo 65 vya mapigo. Kwa kawaida hapsikodi ya wakati ule ilikaa nyuma ikijaza mapengo. Hapa ni kama mpiga besi wa taarab awageukie waimbaji awaambie, kaeni.

Na kwa mwendo wake halisi ndipo nikaisikia: ni taksimu, ile ya mpiga ala kujitungia papo hapo peke yake. Kidole kinaanza kutafuta njia, kinazunguka mahali pamoja, kinapanda, kinarudi, mpaka wasikilizaji wanasahau kwamba kuna wimbo unasubiri. Na mlio wenyewe! Ukibonyeza hapsikodi, kijiti kinapanda na kudonoa uzi kwa kipande kidogo cha unyoya. Zamani ulikuwa wa kunguru, siku hizi mara nyingi plastiki. Mjomba anavaa pete mbili kwenye vidole vya shahada, kila moja na kidonoo chake. Kazi ni ileile. Nilimwambia Mzee, akataka nimwoneshe kwa vidole mezani, nikamwonesha.

Akaniambia Bach alikwenda Berlin mwaka 1719 kuchukua hapsikodi mpya kwa fundi Michael Mietke, ya kasri la Köthen alikokuwa akifanya kazi, na miaka miwili baadaye koncheto sita zikatumwa kwa mkuu mwenye cheo cha Margrave wa Brandenburg. Yeye Mzee haamini kwamba mtu anaweza kupata ala mpya ya namna hiyo asiitungie kitu cha kuringia. Nami siamini.

Akashuka tena, akarudi na santuri yake mwenyewe, jalada limegandishwa kwa gundi. Mpiga fidla Adolf Busch na wenzake, walirekodi London mwaka 1935, na sehemu ya hapsikodi anaipiga Rudolf Serkin kwa piano. Busch aliacha kupiga Ujerumani mwaka 1933, baada ya Hitler kuingia. Serkin, mkwewe, alikuwa Myahudi. Rekodi ina chakarisho la mafuta ya kukaangia. Kwa piano taksimu inapotea, hakuna kudonoa, ila kuna uchangamfu ambao sikuutegemea kwa watu waliokuwa mbali na kwao. Mzee alisikiliza amefumba macho. Sikumuuliza kitu.

Ubishi wangu ulikuwa haujaisha. Kama Pinnock niliweza kumpandisha, si nimteremshe Richter naye afike 415? Nikamweka, nikakisukuma kitufe upande wa pili. Lile jahazi langu la heshima likawa pantoni iliyokwama mchangani. Fidla zilivutana kama wanaokokota jeneza.

“Sasa unamwadhibu Richter,” Mzee akasema. “Hakukufanyia kitu.”

Alipofika mlangoni, akanipa kifurushi hatimaye, akauliza: “Na mjomba wako, La yake ni ngapi?”

Sikujua. Kesho yake nikapiga simu.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, baba. Umekula?”

“Nimekula. Mjomba, mkityuni, mnafuata namba gani?”

“Namba ya nini? Tunafuata akodiani. Akodiani haityuniki ukumbini, kwa hiyo sote tunamfuata yeye, akiwa juu, akiwa chini.”

Jioni nilishuka kumpelekea Mzee jibu. Alicheka mpaka akakohoa, akashika ukuta. Katika miji ya Bach, akasema, aliyekuwa hagusiki ni ogani wa kanisani.