Elfu au mia? Kutengeneza programu inayomsomea noti asiyeona

Majaji wa mashindano ya ubunifu wanapenda glavu. Mwaka 2016 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walipata dola 10,000 za tuzo ya Lemelson-MIT kwa glavu za SignAloud, zilizodaiwa kugeuza lugha ya ishara kuwa maneno. Walimu wa lugha hiyo chuoni hapo wakaandika barua ya wazi: kiziwi haongei kwa vidole peke yake, sarufi yake imo pia kwenye nyusi, mdomo na mabega, na glavu haioni hata kimoja. Glavu za namna hiyo bado zinatengenezwa.

Kama wewe ni kijana mwenye kompyuta moja na hamu ya kutumia akili unde kwa faida ya watu wenye ulemavu, ziache glavu, anza na programu ya simu inayomtajia asiyeona noti aliyoishika ni ya shilingi ngapi. Noti za Kenya zilizotolewa mwaka 2019 (50, 100, 200, 500 na 1,000) zote zina jengo la KICC, la mikutano jijini Nairobi. Zimewekewa alama za kupapasa kwa ajili ya wasioona, ila noti ikishakunjwa na kutiwa jasho kwenye matatu miaka miwili, alama zinalala. Wengi wasioona huzipanga noti kwa kukunja kila aina mkunjo wake. Mbinu nzuri, lakini lazima kwanza mwenye macho akutajie noti, na mara nyingi mwenye macho huyo ndiye anayekurudishia chenji.

Kazi kubwa ni picha. Tafuta noti 20 za kila aina. Jumla ni shilingi 37,000, na hazipotei, zinarudi mfukoni. Usizitoe benki. Noti mbichi za benki zitakupa modeli (ile sehemu ya programu inayojifunza kutambua kwa kuonyeshwa picha) inayozijua pesa za kutunza harusini tu. Chukua za mama mboga na za makanga: zilizofifia, zilizobandikwa selotepu, zilizoandikwa namba ya simu kwa kalamu. Hakikisha zimo zile zilizoanza kutolewa Agosti 2024, zenye sahihi ya Gavana Kamau Thugge na uzi wa usalama wa aina mpya, kwa kuwa zinazunguka pamoja na za 2019.

Kila noti ipige picha 20 kila upande. Hapo una picha 400 kwa kila uso wa noti, 4,000 kwa jumla. Badilisha mahali na mwanga: mezani, kiganjani, juu ya leso, jua la saa sita, balbu ya jikoni, tochi ya simu. Kwenye picha nyingi kidole gumba kifunike kona, maana ndivyo noti inavyoshikwa. Kisha ongeza picha 1,500 za vitu ambavyo si noti: kiganja kitupu, risiti, kanga, vikasha vya dawa, sakafu. Watu hulisahau kundi hili. Modeli isiyo na jibu la "si noti" italazimika kuchagua noti hata ikionyeshwa pindo la kanga, na itakwambia mia tano bila haya.

Jina la kila faili libebe namba ya pekee iliyochapwa kwenye noti yenyewe (serial number), si thamani yake tu. Ukifika kwenye kugawanya, gawanya kwa namba hiyo, kwa kila aina: noti 14 za kufundishia, 3 za kurekebishia, 3 za mtihani. Ukizichanganya picha ovyo, noti ile ile yenye doa lile lile itakuwa darasani na kwenye mtihani, na modeli itakariri doa. Utajisifia asilimia 99 nyumbani, uaibike sokoni.

Kwenye mafunzo yenyewe hakuna maajabu. MobileNetV2, modeli ndogo ya simu iliyokwisha kufundishwa kwa picha nyingine, inatosha: picha za piseli 224 kwa 224, majibu 11: nyuso kumi za noti na "si noti". Nyuso mbili za noti moja ziunganishe baadaye, ndani ya programu. Colab ya bure, kompyuta ya Google ya kutumia mtandaoni, inaiweza kazi hii. Gandisha tabaka zote za zamani, yaani ngazi za hesabu ilizokuja nazo, zisibadilike; fundisha lile jipya la mwisho mizunguko 10 kwa kasi ya kujifunza ya 0.001, kisha fungua kama tabaka 30 za juu na ushushe kasi hadi 0.00001. Usiposhusha, kila ilichokuwa imejifunza kabla kinafutika. Wakati wa kufundisha, zungusha picha digrii zote, ongeza na punguza mwanga, lakini usizigeuze kama kwenye kioo: noti ya kinyumenyume haipo duniani, na tarakimu ni msaada usiofaa kuharibiwa. Rangi nazo usizichezee sana. Mwisho ipeleke TensorFlow Lite (sasa inaitwa LiteRT), mfumo wa kuendeshea modeli kwenye simu, kwa biti 8, yaani namba zake zikiwa zimefupishwa, faili ishuke kutoka takribani MB 9 hadi chini ya MB 3. Hapo inafanya kazi bila bando, na picha ya pesa za mtu haitoki kwenye simu yake.

Ikifika kwenye simu na kuanza kubabaika, usikimbilie kufundisha upya. Kama inatoa jibu moja kwa kila kitu, huenda unaipa namba za rangi za 0 hadi 255 wakati ilizoea −1 hadi 1. Kama inachanganya noti ambazo kwenye kompyuta ilizitofautisha vizuri, kagua kama namba za nyekundu na za buluu zimebadilishana nafasi.

Jambo la kukaa nalo ni wakati wa kusema. Modeli hutoa jibu kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya kamera, hata ikiwa simu bado inatoka mfukoni. Usiitangaze fremu moja. Subiri fremu tano, nne zikubaliane, kila moja ikiwa na uhakika wa 0.9 au zaidi. Vinginevyo programu inyamaze. Ukimya unamgharimu mtu sekunde mbili. Mia ikisomwa elfu, inamgharimu shilingi 900. Na mwambie mapema, kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, kwamba programu haitambui noti bandia.

Kulenga kamera bila kuona kuna ufundi wake: noti mezani, simu juu yake ikiigusa katikati, kisha inuliwe wima kama sentimita 20. Tochi iwake yenyewe gizani, ila isielekee kwenye uzi wa usalama unaong'aa, maana mng'ao ule hufunika tarakimu. Kuinamisha simu kidogo kunatosha. Haya yajaribiwe na wasioona wenyewe, walipwe muda wao na nauli. Mwenye macho aliyefungwa kitambaa hakupi jibu la maana: amekwisha kuijua sura ya noti.

Sauti nayo. Kwa noti tano huhitaji mashine ya kutamka. Mtu mmoja arekodi faili tano. Watu hurekodi "mia moja" na "elfu moja", na hapo ndipo panapoharibika. Vifaa vingi vya masikioni vya Bluetooth huchelewa kuamka na kumeza mwanzo wa sauti, kwa hiyo noti zote mbili zinabaki "...moja". Tanguliza kimya cha nusu sekunde, na useme "mia" na "elfu" bila kuongeza kitu. Sauti isubiri TalkBack, msomaji wa skrini wa simu za Android, imalize, zisipandiane.

Weka mitetemo pia, kwa sababu kwenye matatu yenye muziki hakuna atakayesikia, na si kila mtu anataka abiria wa pembeni ajue ameshika ngapi. Mpigo mfupi mmoja kwa 50, miwili kwa 100, mitatu kwa 200, minne kwa 500. Elfu ipewe mmoja mrefu, wa sekunde nzima, usiofanana na mwingine wowote: mpigo mmoja ukipotea katika kuhesabu, minne husikika mitatu, lakini mrefu hausikiki mfupi.