Inchi Tatu za Mbao Zilizoniunguzia Mashine

Katika muda wa miezi minne nilinunua impela tatu, yaani magurudumu ya mpira yenye mabawa yanayosukuma maji ndani ya pampu, kwa ajili ya mashine moja ya kupachika ya boti yangu, ya nguvu ya farasi 40, na kila mara fundi alinihakikishia kwamba ile iliyotangulia ilikuwa bandia. Ya kwanza nilimwamini, ya pili nikakubali kwa shingo upande. Ya tatu ilipokufa katikati ya safari ya Utende kwenda Jibondo, huko Mafia, mashine ikachemsha hadi gasketi ikaungua, ndipo nilipoacha kuitazama mashine na kuanza kuutazama ubao iliofungwa.

Nahodha wangu, ambaye pia ni shemeji yangu, alikuwa ameongeza kipande cha mninga chenye unene wa inchi tatu juu ya ubao wa tezi, yaani ubao wa nyuma ya boti unaobeba mashine. Alikuwa na sababu: wakati wa bamvua, maji yakipwa, njia ile hubaki na kina kidogo, naye alikwisha kuvunja propela mbili kwenye mwamba. Kuinua mashine kuliinusuru propela na miamba, lakini kuliisogeza karibu mno na uso wa maji.

Kila mashine ya kupachika ina bapa la chuma juu kidogo ya propela, ambalo kazi yake ni kuizuia propela isivute hewa kutoka juu. Vitabu vya watengenezaji wengi huelekeza kwamba bapa hilo liwe sawa na chini ya boti, au chini yake kwa kiasi kisichozidi milimita 25. Ndiyo maana mashine huuzwa kwa urefu wa mguu, inchi 15 kwa mguu mfupi na inchi 20 kwa mguu mrefu, na ubao wa tezi unapaswa kulingana na mguu huo. Mashine yangu ilikuwa ya inchi 20 na ubao ulikuwa wa inchi 20, yaani vilikuwa vimeoana vizuri kabla ya mninga kuingia kati yao.

Dalili tulikuwa nazo tangu mwanzo, ila hatukuzisoma. Boti ilipokata kona, au tezi iliponyanyuliwa na wimbi la kusi, mashine ilipiga kelele ghafla, resi ikapanda na mwendo ukapungua, kwa sababu propela ilikuwa ikizunguka ndani ya povu badala ya maji. Matundu ya kuvutia maji ya kupoza mashine nayo yako huko huko chini, jirani na propela, kwa hiyo pampu ilikuwa ikimeza povu lile lile. Impela ni ya mpira na kilainishi chake ni maji. Ikikosa maji kwa muda mfupi tu hupata moto, mabawa yake hukakamaa na kukatika. Tulipofungua njia za maji tulikuta vipande vyeusi vya mpira, vikubwa kama kucha, vimejibana kwenye kona za ndani. Hata impela mpya kabisa isingeweza kusukuma maji ya kutosha kupita hapo.

Kwa nini fundi hakuuona ubovu huo? Alikuwa akiijaribu mashine ndani ya pipa la maji, na mara moja aliijaribu ufukoni boti ikiwa imesimama. Katika hali hizo mguu umezama vya kutosha, mchirizi wa maji hutoka kwa nguvu, na kila mtu huridhika. Kasoro hujitokeza boti inapokwenda kasi, maji yanapopita chini yake na kushuka nyuma ya tezi, na wakati huo fundi yuko nyumbani kwake anakula.

Kabla ya kulaumu urefu, hata hivyo, nilihakikisha kwamba mpira wa ndani ya propela haukuwa unateleza, kwani nao huleta resi tupu bila mwendo. Nilichora mstari wa rangi kutoka kwenye kitovu hadi kwenye propela yenyewe, nikaenda safari moja, mstari haukuachana. Kisha maji yalipokupwa na boti kukaa mchangani, niliiteremsha mashine wima, nikalaza ubao mnyoofu chini ya mkuku, ule uti wa chini wa boti, ukatokeza nyuma hadi kwenye mguu. Bapa lilikuwa juu ya ubao huo kwa inchi mbili kamili.

Kwa hasira nikaamuru mninga uondolewe na ubao wa tezi ukatwe inchi mbili zaidi. Hilo lilikuwa kosa langu mwenyewe. Boti ikawa nzito na kula mafuta mengi, maji yakawa yanapanda kwenye mguu na kurukia chini ya kofia ya mashine, na nikaanza kukuta chumvi kwenye kabureta. Tukipakia saruji na abiria wakakaa nyuma, tundu dogo la moshi wa silensa, linalotoa moshi mashine ikiwa kwenye resi ya chini, lilizama, mashine ikawa inazimika kila resi inaposhushwa. Lililonitisha zaidi ni kwamba wimbi la nyuma lilianza kuchungulia ndani.

Fundi wa boti wa Jibondo ndiye aliyenirekebishia. Alirudisha inchi mbili nilizokata, akaweka bapa inchi moja chini ya mkuku, kisha akauchonga mkuku pande zote mbili uwe mwembamba kuelekea tezi, akieleza kwamba mkuku mnene hupasua maji na kuipelekea propela povu. Impela ya nne niliifungua baada ya msimu mzima wa kusi nikaikuta na mabawa yake yote.

Penye mwamba, shemeji sasa huzima mashine, huiinua, na kuvuka kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti. Kile kipande cha mninga anakatia chambo.