Chuma kilichopinda

Mama aliyelileta lile gari alikuwa amechoka kuliko alivyokuwa na hasira. Usiku mmoja alimkwepa mbwa, tairi la mbele kushoto likagonga ukingo wa zege wa barabara, na tangu hapo gari likawa linavuta kushoto. Gereji nyingine ilimfanyia alaimenti, yaani kupima na kupanga mlalo wa matairi. Gari likaendelea kuvuta, akarudi, wakamfanyia tena. Alipomaliza kumwamkia mzee aliyekuwa akinifundisha kazi, alimwambia, "Usukani wameunyoosha, umekaa katikati kabisa. Lakini nikiulegeza kidogo tu, linakwenda kushoto. Mabega yananiuma, mzee wangu."

Nilikuwa mwanagenzi bado, na mwendo wa gari ulikuwa unanivutia kuliko hata injini. Mzee alinigeukia mbele ya yule mama na kunieleza jambo ambalo mpaka leo ndilo la kwanza ninalolifikiria kwa gari lililogonga ukingo. Usukani kukaa upande ni ugonjwa mmoja, gari kuvuta ni ugonjwa mwingine. Tairodi, ile fimbo ya chuma inayounganisha usukani na tairi, ikipinda, au urefu wake ukiharibika, tairi moja hugeuka kidogo peke yake. Lakini gari likianza kwenda, matairi mawili ya mbele hugawana lile kosa nusu kwa nusu, gari linanyooka, na usukani ndio unaobaki umekaa upande. Matairi yatalika vibaya, ndiyo, lakini gari halitamvuta mtu mabega. Kwa hiyo waliorekebisha tairodi walitibu usukani. Kinachovuta walikuwa hawajakigusa.

Tulianza na majaribio, si spana. Barabara nyingi zimeinuliwa katikati ili maji yatiririke pembeni, na gari zima kabisa linaweza kuteremkia pembeni polepole. Mzee alitaka sehemu pana iliyo tambarare, tukaenda na kurudi upande wa pili, mikono ikiwa karibu na usukani bila kuushika kwa nguvu. Lilivuta kushoto kote kuwili. Lilivuta nikikanyaga mafuta, likavuta nikiachia, na nikifunga breki halikuzidi. Hilo la breki aliniuliza mara mbili, kwa sababu gari linalovuta wakati wa kufunga breki tu lina habari nyingine.

Tuliporudi aliniambia nisogeze kiganja karibu na kila rimu. Breki inayong'ang'ania huacha joto upande wake. Joto lilikuwa sawa. Tukanyanyua mbele kwa jeki, tukaweka stendi, nikazungusha kila tairi kwa mkono, yakazunguka mepesi yote mawili. Hapo ndipo nilipoona uvimbe kwenye ubavu wa tairi la kushoto, upande wa ndani, ambako mtu aliyesimama nje haoni. Uvimbe wa namna ile maana yake nyuzi za ndani zimekatika na kinachozuia upepo ni mpira peke yake. Gari lilikuwa limepita gereji mara mbili na hakuna aliyemwambia yule mama. Mzee hakusema neno, lakini alilifungua lile tairi yeye mwenyewe na kulilaza mbali na mengine.

Tairi lenyewe linaweza kuvuta gari, hata lisilo na uvimbe, kama limeharibika ndani. Kwa hiyo tukaleta matairi ya nyuma mbele, spea ikakaa nyuma, tukapima upepo wa yote, tukarudi barabarani. Kushoto vilevile. Nilifurahi mno, maana kila jibu la "siyo hiki" lilikuwa linatusogeza kwenye chuma.

Mzee akatoa utepe wa kupimia. Usukani ukiwa umenyooka, tulipima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kulia kisha kushoto. Kushoto palikuwa pafupi kwa zaidi ya sentimita moja. Tukarudia ili tuwe na hakika. Gurudumu lilikuwa limesukumwa nyuma.

Nikaingia chini na taa. Ukilitazama upande mmoja tu huoni kitu, maana chuma cha chini ya gari kina mikunjo yake ya kiwandani. Dawa ni kulinganisha. Nilitazama kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, na kwenye mkono wa chini wa kushoto, ule ambao mafundi huuita kontroli amu, karibu na bushi ya nyuma, yaani kile kiungo chenye mpira kinachoufunga mkono kwenye gari, rangi ilikuwa imepasuka kwa mistari myembamba. Chini ya mistari ile bati lilikuwa limejikunja kidogo sana. Tairodi tuliizungusha, haikuyumba. Shokapu ilikuwa imenyooka.

Mkono huo ukirudi nyuma, bolijointi, kiungo cha mviringo kinachoushikiza kwenye gurudumu, inarudi nao, na mhimili ambao tairi linageukia unapoteza mlalo wake wa kuegemea nyuma. Huo mlalo ndio kasta, na gari huvuta kuelekea upande wenye kasta ndogo. Mkono ukijikunja, bolijointi huingia ndani pia, tairi linalalia nje kwa juu, na mlalo huo, kemba, nao huvuta upande uleule. Kwa kemba, tofauti ya nusu digrii kati ya kulia na kushoto inatosha kumchosha dereva. Magari mengi madogo hayana bolti ya kurekebisha kasta kule mbele. Mashine ya alaimenti inakusomea tu, na namba ikiwa mbaya, kuna kipande kimepinda au kimehama.

Fundi wa jirani aliyekuja kutazama alishauri tuuchome moto mkono ule na kuunyoosha. Mzee alikataa papo hapo. Bati lililokunjwa mara moja limeshapungua nguvu, na ukilichoma unalilegeza zaidi, halafu hicho ndicho kinachoshika gurudumu mama akiwa kwenye mwendo na watoto nyuma. Nilikubaliana naye siku ile na nakubaliana naye leo.

Mkono mpya ulipofungwa, nilitaka kukaza bolti za bushi gari likiwa bado juu. Mzee alinishika mkono. Kwanza tulishusha gari likakaa kwenye matairi yake, tukalitikisa lijipange, ndipo nikakaza. Ukikaza likining'inia, mpira wa bushi unabaki umesokotwa kila siku na unachanika mapema.

Baada ya hapo ndipo tukaenda kwenye alaimenti, safari hii chuma kikiwa kizima. Kasta ya kushoto ilikuwa imerudi karibu sawa na ya kulia, kemba nayo, tukabaki na tairodi tu za kurekebisha. Mama aliendesha mwenyewe, mimi nimekaa pembeni yake. Alilegeza vidole, akasubiri, akalegeza tena. Gari likanyooka. Aliporudi mzee alimwonyesha mkono wa zamani na mistari yake, kisha lile tairi lenye uvimbe, akamwambia asikubali mtu yeyote alirudishe, hata kama spea.