Mganda kwenye Zoom

Muhula huu nawafundisha wanachuo ngoma kwa Zoom. Wametawanyika Tukuyu, Mafinga, Songea. Mimi niko Iringa na ngoma yangu sebuleni. Mganda, ile ya Ziwa Nyasa yenye hatua za gwaride, inataka wote mkanyage pamoja. Sasa sauti inachelewa njiani, na kila mmoja inamfikia kwa wakati wake. Wakipiga makofi wote, utadhani mvua ya mawe kwenye bati! Dawa yake: wanazima maikrofoni, kila mtu anafuata ngoma yangu, mimi nakagua miguu. Ila wengi simu zinaonyesha uso tu (uso wa nini jamani?). Juzi binti wa Tukuyu kaiegemeza yake kwenye ndoo, nikaona mpaka kisigino kinavyotua. Wiki ijayo wote waje na ndoo.