Kisima Kilichonyang'anywa Nacho Kina Jina

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeomba kidogo na kununa sana, kwa hiyo tafakari hii msiipokee kama ya mtu aliyeshuka mlimani na uso unaong'aa.

Jumanne asubuhi niliingia kwenye simu nikakuta ujumbe wa shule moja niliyokuwa nimeomba kuishonea sare. Mistari miwili tu. Kazi wamempa mtu mwingine, wananitakia mema. Nilikuwa nimewapelekea sampuli tatu: shati, sketi na kaptura. Kitambaa nilikinunua Biashara Street kwa pesa za chama, na ile sketi niliifumua mara mbili kwa sababu marinda hayakulala vizuri. Mwalimu aliyezipokea alizigeuza nje ndani, akakagua mishono, akasema, "Mama, hii ni kazi safi." Basi kazi safi imekataliwa, na hii ni mara ya tatu tangu nifungue duka hapa Umoja, Nairobi.

Jioni dada mmoja wa ushirika wetu alinipigia kuniuliza ile kazi ya shule imefika wapi. Nikamjibu, "Mungu ni mwema." Naye akaitikia, "Kila wakati." Tukaagana kwa furaha. Nilipokata simu ndipo nikaona nilichofanya: nimeutundika wema wa Mungu dirishani kama pazia, jirani asije akaona nyumba ilivyo ndani.

Usingizi ulikataa. Nikafungua Mwanzo 26, habari za Isaka na visima. Mnaijua. Abimeleki amemwambia aondoke, Wafilisti wamevifukia kwa udongo visima alivyoacha baba yake. Isaka anapiga hema bonde la Gerari, watumwa wake wanachimba, maji yanabubujika. Tutulie hapo kidogo, maana huwa tunaruka. Maji yalipatikana! Kazi haikuwa mbovu. Wachungaji wa Gerari walikuja wakasema, "Maji haya ni yetu." Mji wetu huu Wamaasai waliuita kwa maji yake ya baridi, lakini kwangu mfereji hutoa maji siku mbili kwa wiki, siku zingine namngojea kijana wa mkokoteni na mitungi yake. Kwa hiyo naelewa kidogo uchungu wa kuchimba mpaka maji yakatoka, halafu ukawaondoa kondoo wako na kiu yao.

Kisima hicho Isaka akakiita Eseki, kwa sababu waligombana naye. Akachimba cha pili, nacho wakakigombania, akakiita Sitna. Cha tatu hakuna aliyekigombania, akakiita Rehobothi, kwa kuwa Bwana alikuwa amewafanyizia nafasi.

Mahubiri ya Rehobothi nimeyasikia tangu Shule ya Jumapili. Jina hilo nimelisoma kwenye milango ya saluni, maduka na hata matatu. Saluni inayoitwa Sitna sijaiona bado. Lakini Isaka alivipa majina vyote vitatu. Vile alivyopoteza alivitaja mbele ya watumwa wake, ambao mikono ilikuwa bado ina malengelenge, na ikampendeza Roho Mtakatifu kwamba majina hayo yaandikwe tuyasome. Alisema wazi: hapa palikuwa na ugomvi, hapa palikuwa na uadui. Kisha akafunga mizigo akaenda kuchimba kwingine. Mimi nilidhani kuvumilia ni kujifanya sikuumia.

Sasa nitasema neno ambalo huenda likawaudhi baadhi yenu, na lianze kuniudhi mimi. Makanisani mwetu mlango wa ushuhuda ni mwembamba mno. Anayepewa maikrofoni ni aliyepata: viza imetoka, kiwanja kimenunuliwa Kitengela, mtoto ameitwa chuo. Tunapiga makofi, na ni vizuri. Aliyekataliwa anakaa viti vya nyuma akingoja awe na la kusema. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na kijana kwenye ushirika wetu wa nyumbani. Alikuwa na shahada na bahasha ya kaki iliyochakaa kwa kuzungushwa kwenye maofisi. Kila Alhamisi tulimuuliza, "Bado?" Mzee mmoja akamshauri ajichunguze, pengine kuna dhambi hajaiungama. Mimi nilikuwepo, nikanyamaza, nikaendelea kumimina chai. Kijana akaacha kuja. Ayubu aliwaita rafiki zake wafariji wenye kutaabisha, na walau wao walikaa naye chini siku saba mchana na usiku kabla ya kufungua vinywa. Sisi hata siku saba hatukumpa.

Wapendwa, tuache. Mtu akija na habari za mlango uliofungwa, asikutane na swali la dhambi gani. Mwacheni akitaje kisima chake. Mwulizeni alichimba wapi, alitumia nini, na jembe liko hali gani. Ana nauli ya kesho? Mnisamehe nikisema hivi: maombi ya "Bwana atafungua njia" yanayomwacha ndugu akitembea kwa miguu kutoka Kayole hadi mjini, na sisi tuna mia mbili mfukoni, ni maombi ya uvivu.

Tena mji huu umewahi kuwaona wachimbaji. Tarehe 28 Februari 1992 kina mama waliketi Uhuru Park wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa, na Profesa Wangari Maathai akiwa nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwatawanya kwa marungu na gesi ya machozi, Profesa akapigwa hadi akalazwa hospitali. Kina mama walihamia kanisani, All Saints, palepale karibu na bustani, wakakaa chini ya kanisa hadi mwanzoni mwa 1993, wengi wa wana wao walipoachiliwa. Huwa nawakumbuka nikipita pale kwa matatu.

Jambo lingine dogo nimeliona usiku ule. Kuanzia Eseki hadi Rehobothi hakuna mahali palipoandikwa kwamba Mungu alisema na Isaka. Alikuwa amesema naye mwanzoni mwa sura, akasema naye tena Beer-sheba, katika mstari wa 24: "Usiogope." Katikati ni udongo na jasho tu. Wale mnaosema hamsikii chochote siku hizi, someni mistari hiyo polepole.

Jumatano nilimpigia yule dada nikamwambia ukweli. Alinyamaza kidogo, halafu akaniambia biashara yake ya kuku ilikufa tangu Aprili na hajamwambia mtu. Tulilia, kisha tukacheka, salio likaisha.

Ile bahasha ya kaki haijanitoka moyoni. Nimeanza kuulizia namba ya yule kijana. Sijui atanipokea vipi, wala sina haki ya kupokelewa vizuri.

Na zile sampuli tatu nimezitundika mlangoni mwa duka. Leo mama mmoja alisimama akaishika sketi, akapapasa marinda, akauliza bei. Nikamtajia. Akasema ni ghali, akaenda zake. Nimeziacha palepale.