Udongo wa Chungu cha Maua

Nilikulia Pangani, katika nyumba ambayo mbwa hakuruhusiwa hata kupumzika kwenye kivuli cha ukuta wake. Mama hakuwachukia mbwa. Aliuhofia udhu wake. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alitufundisha, kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi tunayoyafuata watu wa pwani, kwamba mahali palipopata mate ya mbwa hutoharishwa kwa kuoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo iwe kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Alituongezea pia kwamba kikavu kikigusa kikavu hapana neno. Mafundisho hayo mawili niliyabeba hadi bonde la Pasvik, kaskazini mwa Norwei karibu na mpaka wa Urusi, nilikokwenda mwaka 2012 kukaa mwaka mmoja katika shule ya bweni ya vijana, ya aina isiyo na mitihani wala alama. Nilikuwa nimejiandikisha kusomea maisha ya porini, bila kuuliza ni pori gani, wala huko porini tutakwenda kwa chombo gani.

Chombo kilikuwa sleji, kigari kisicho na magurudumu cha kuteleza juu ya theluji, nayo ilivutwa na mbwa.

Kila mwanafunzi alikabidhiwa mbwa wake wa kutunza. Mimi nilipewa wanne, na kiongozi wao alikuwa jike mmoja mweusi, mwembamba kuliko nilivyodhani mbwa wa barafuni angekuwa, jina lake Svarta. Tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari jua halikuchomoza kabisa. Saa sita mchana palikuwa na mwanga wa samawati kama wa alfajiri, kisha giza likarudi. Katika giza hilo, nikiwa na tochi kichwani, nilizoa kinyesi kilichoganda kama mawe, nilibadilisha majani makavu ndani ya vibanda vyao, na nilipasua kwa shoka matofali ya nyama na samaki waliogandishwa, nikayaloweka katika maji ya moto pamoja na mafuta. Maji matupu mbwa hawakuyataka, hivyo ilibidi tuwahadae kwa kuwapa supu wakati wa baridi kali. Wengine walilala mbele ya vibanda vyao wakiwa wamenyoosha miguu ya mbele, na kila nilipowaona hivyo nilimkumbuka mbwa wa Watu wa Pangoni, ambaye Surat al-Kahf inamtaja akiwa amelala vivyo hivyo kwenye kizingiti cha pango.

Nilifanya kazi hizo zote nikiwa nimevaa glovu, na sikumruhusu mbwa yeyote anifikie usoni. Kwa upande wa sheria nilijiona salama, kwani baridi ikishuka nyuzi 30 chini ya sifuri, kila kitu huwa kikavu: theluji hulia chini ya viatu kama mchanga, na manyoya ya mbwa huwa makavu kama katani. Yaliyobaki kuwa majimaji ni mate tu.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa mwishoni mwa Januari, na kipimajoto kilichokuwa mlangoni kilionyesha nyuzi 34 chini ya sifuri. Tulitoka sleji mbili, mwalimu akiwa mbele. Mbwa wanapofungwa kamba hupiga kelele za kumtia mtu wazimu, wakiruka na kubweka kana kwamba wanachinjwa. Nanga ikishang'olewa tu, kimya hutanda ghafla, na husikii ila mteremko wa sleji na pumzi zao. (Nanga hiyo ni chuma cha kukita kwenye theluji, na hata kwa Kinorwei jina lake lina maana ya nanga. Ndicho kifaa pekee nilichokielewa siku ya kwanza.) Sheria ya chombo hicho ni moja tu: ukianguka, usiachie.

Nilianguka kwenye kona, pale njia inapoacha eneo la tambarare na kuingia msituni. Sikuachia. Niliburutwa kwa kifua, theluji ikinijaa shingoni, mpaka sleji ilipokwama kati ya miti miwili. Nilipokita nanga na kuwatazama mbwa, nilimwona mmoja wa nyuma amenaswa mguu katika kamba, naye analia. Kile kifungo kidogo cha chuma hakifunguki kwa mkono ulio ndani ya glovu nene, basi nikaivua ya kulia. Glovu zote zilikuja na kamba za kuzining'iniza shingoni, lakini zangu nilizikata wiki ya kwanza, kwa sababu nilijiona kama mtoto wa chekechea. Nilipomaliza kumnasua yule mbwa, glovu haikuonekana. Nilipapasa thelujini kwa mkono mtupu, jambo la kipumbavu kuliko yote niliyofanya majira yale, mpaka vidole viwili vikawa vyeupe na sikuvihisi tena.

Nikapiga magoti mbele ya Svarta, nikauchomeka mkono chini ya tumbo lake, pale paja linapokutana na mwili, ambapo manyoya ni machache na joto ni jingi. Hakushtuka. Alikaa juu ya mkono wangu kama kuku juu ya mayai. Vidole vilipoanza kurudi viliuma kiasi kwamba machozi yalinitoka, nayo yakaganda kwenye kope, na Svarta akayalamba, jicho moja, kisha la pili, kisha pua. Sikuwa na mkono wa kumzuia. Nitakuwa mwongo nikisema kwamba ningemzuia.

Mwalimu alirudi kututafuta. Akahesabu mbwa kwanza, kisha akaniangalia mimi, akatoa glovu ya akiba.

Jioni, baada ya kuwalisha, nilikumbuka kwamba nahitaji udongo. Nje theluji ilifika kiunoni, na chini yake ardhi ilikuwa imeganda kama saruji. Nilizunguka jengo zima bila kupata hata konzi moja. Hatimaye nikamwendea mama mpishi, ambaye dirisha lake lilijaa vyungu vya maua, nikamwomba udongo kidogo. Alidhani nataka kupanda kitu, akanijazia kikombe na kunionya nisimwagilie sana. Nikaenda bafuni, nikaosha uso na mkono, moja kwa udongo na sita kwa maji, nikaswali.

Hata hivyo moyo haukutulia, kwa kuwa udongo ule ulikuwa mweusi na mwepesi, wa kununuliwa dukani, unaofanana na majani yaliyooza kuliko ardhi. Nikampigia mama simu, nikamweleza kisa chote ili aniulizie kwa yule mwalimu wetu wa Kurani.

"Mkono mzima?" akauliza.

"Mzima, mama."

"Alhamdulillahi. Mwalimu nitamwuliza kesho." Akanyamaza kidogo. "Na huyo mbwa, mwanangu, amekula?"

Nikamwambia amekula, tena amekula samaki. Akataka kujua ni samaki gani.