Siku moja maishani mwangu: fundi wa saa za kale na mbao za zamani

Saa moja asubuhi. Kabla sijashika kifaa chochote, nasikiliza. Saa nilizokwisha kutengeneza hukaa chini ya uangalizi kwanza, na kila asubuhi nalinganisha akrabu zake, yaani mishale, na saa sahihi. Ile ndefu ya kusimama sakafuni imechelewa kidogo tangu jana, basi nakaza nati iliyo chini ya pendulamu, ule ufito wenye uzito unaobembea, ili uzito wake upande. Pendulamu inayopiga sekunde ina urefu wa karibu sentimita 99.4, na ukiifupisha kwa milimita moja tu, saa itakimbia kwa sekunde 43 hivi kwa siku. Watu hudhani kazi yetu ni kupangusa vumbi.

Saa mbili naingia kwenye mbao. Nang'oa misumari, napitisha sumaku kutafuta iliyojificha, maana mmoja ukibaki unavunja meno ya randa ya mashine. Penye rangi ya kale sipigi msasa mkavu, kwa kuwa huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Misumari yenyewe nahifadhi: ya pande nne iliyofuliwa kwa nyundo ni ya zamani kuliko ya waya ya mviringo, iliyoenea mwishoni mwa karne ya 19. Alama za msumeno nazo zinasema. Zikipinda kama upinde, mbao ilipasuliwa kwa msumeno wa duara.

Saa nne akaja bwana mmoja na saa ya ukutani ya babu yake. Alitaka sanduku lipigwe msasa hadi mbao iwe nyeupe, lipakwe vanishi ya kung'aa, na mtambo wa ndani utolewe uwekwe wa betri. Nilipofungua, shaba ilikuwa imelowa mafuta ya kunyunyiza. Mafuta hayo yakichanganyika na vumbi yanakuwa tope linalosaga vyuma. Nikamweleza. Akajibu, "Lakini fundi, ilitembea!" Ilitembea muda mfupi, ndiyo, huku matundu ya mihimili, yale inamozungukia mihimili ya magurudumu, yakizidi kulika na kuwa na umbo la yai. Nikamwonyesha tundu kwa kioo cha kukuzia. Akatazama upesi, akauliza kwa nini nataka wiki kadhaa kwa kazi ya kutia mafuta. Huku anaongea, akaanza kuurudisha nyuma mshale wa dakika. Nikamshika mkono. Saa nyingi za kengele hazirudishwi nyuma. Unasogeza mbele na kuisubiri imalize kila mlio.

Tukarudi kwenye sanduku. Rangi ile ya asali iliyoiva imejengwa na mwanga, hewa na mikono ya watu kwa miongo. Msasa unaiondoa kwa dakika chache na hakuna mkebe wa vanishi utakaoirudisha. Viungo vimegundishwa kwa gundi ya ngozi, inayolegea kwa joto na maji, kwa hiyo aliyelijenga alitaka lifunguke siku likihitaji matengenezo. Mimi naheshimu hilo. Mtambo wa betri nilikataa kabisa. Akaondoka, akarudi kuchukua miwani, akaanza upya habari ya kung'arisha. Mwishowe akaniachia saa, lakini asubuhi yote ilikuwa imekwenda.

Mchana nilifungua mtambo wake. Kwanza kamani, springi inayoiendesha saa, inalegezwa taratibu, maana ikifyatuka ina nguvu ya kukata vidole. Kisha kuosha, kusugua ncha za mihimili hadi ziteleze, kupanua tundu lililolika na kupachika pete mpya ya shaba. Tundu moja, jingine, jingine. Mgongo unauma, macho yanatoa machozi, na taa imeshawashwa bila mimi kukumbuka ni lini. Lakini mkono haukubali kuharakisha. Tangu Christiaan Huygens alipobuni saa ya pendulamu mwaka 1656, sharti ni lilelile: magurudumu yazunguke bila kukwama na mlio wa "tiki" uwe sawa na wa "taka".

Jioni naandika daftarini kila nilichobadilisha na kila nilichoacha, ili fundi atakayeifungua baada yangu asikisie. Naandika bado yule bwana akapiga simu: je, walau uso wa saa ung'arishwe? Nikamwambia aje kesho auone kwa macho yake. Shaba ya uso ule imepakwa fedha nyembamba, na dawa ya kung'arishia itaifuta yote pamoja na nta nyeusi ya tarakimu. Amesema atakuja saa tatu.